Kuhifadhi Mji wa Kale wa Mombasa: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya sisi wa chama cha uhifadhi wa Mji wa Kale tumeyaokota barazani, kwenye simu, na mara nyingi njiani baada ya swala ya Ijumaa, mtu anapomshika mwenzetu mkono na kumuuliza, "Hivi nyinyi mwataka nini na nyumba zetu?" Tumeyajibu hapa kama tunavyoyajibu uso kwa uso. Mengine tumeyapa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo yanayobomoa nyumba.

Chama chenu kinafanya kazi gani hasa?

Kazi yetu kubwa ni mapaa. Mtu akisikia uhifadhi, hufikiria sherehe na kibao cha shaba ukutani. Sisi wiki nyingi tuko juu ya ngazi. Nyumba ya mawe huanza kufa kutoka juu. Bati moja likitoboka, maji ya masika huingia kwenye kichwa cha ukuta, yakaiosha chokaa iliyoshika mawe, kisha yakateremka hadi pale boriti inapoingia ukutani. Boriti huozea palepale, mahali ambapo jicho halifiki. Misimu michache baadaye dari huanguka na watu husema nyumba ilikuwa imezeeka. Haikuzeeka, ilivujiwa.

Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya mvua za Aprili, tunazunguka na fundi kwa wanaotuita, hasa wazee wanaoishi peke yao. Tunatazama paa, mchirizi na kuta za juu, na penye tundu dogo tunaziba siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo kazi tunayojivunia kuliko zote, na ndiyo isiyopigwa picha.

Pamoja na hayo tunafundisha vijana kazi ya chokaa, tunaandika kumbukumbu za milango na nyumba, tunatembeza watu Jumamosi, tunapeleka watoto wa shule Ngomeni, yaani Fort Jesus, na tunamsaidia mwenye nyumba kuandika maombi yake ya ukarabati.

Nyinyi ni serikali?

Hapana. Sisi ni wakazi na marafiki wa mji. Hatuna mamlaka ya kumruhusu mtu kujenga wala kumzuia. Mamlaka hayo yako kwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006, na kwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa katika mambo ya ramani na vibali vya ujenzi. Mtu akija mlangoni kwako akakutoza faini kwa jina la chama cha uhifadhi, mwambie arudi na barua, kisha utupigie simu.

Mji wa Kale unaanzia wapi na unaishia wapi?

Ni upande wa mashariki wa kisiwa, unaotazama Nyali, kwenye mkono wa bahari unaoingia Tudor. Ukisimama Fort Jesus ukaelekea kaskazini ukiifuata pwani, uko ndani yake: Ndia Kuu, Barabara ya Mbarak Ali Hinawy, Bandari ya Kale, Kibokoni, Kuze, Mkanyageni na vichochoro vyote vinavyoiunganisha mitaa hiyo. Wageni kutoka bara huuliza kama "Ndia" limeandikwa kwa makosa. Halina kosa. Ndia ni njia kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, na tungependa kibao hicho kibaki hivyo milele.

Mji wa Kale umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia?

Swali hili tunalijibu kila Jumamosi. Kilichoandikishwa na UNESCO mwaka 2011 ni Fort Jesus peke yake. Mji wa Lamu uliandikishwa mwaka 2001, na Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000. Mombasa ni ngome tu, pamoja na handaki lake na eneo dogo linaloizunguka, jumla kama hekta 2.36. Nje yake pametengwa eneo la kinga lililochukua sehemu ya Mji wa Kale, ili ngome isije ikazungukwa na majengo yasiyofanana nayo.

Usidhani basi kwamba nyumba zetu hazina ulinzi. Mwaka 1990 ulitengenezwa mpango wa uhifadhi wa Mji wa Kale. Ofisi ya uhifadhi chini ya Makumbusho ilianzishwa, na mji ukatangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa. Sheria ipo. Kinachopungua ni watu wa kuifuata kabla nyundo haijapigwa.

Nyumba hizi zina umri gani? Mwalimu wetu alisema miaka elfu.

Mji ndio wa kale sana. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alilala hapa usiku mmoja mwaka 1331, akaandika kuhusu misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na kisima mlangoni mwa msikiti ambapo watu walichota maji kwa chombo cha mbao wakaosha miguu kabla ya kuingia. Nahodha Mreno Vasco da Gama alifika Aprili 1498, na watu wa Mvita, yaani Mombasa, hawakumpokea kwa furaha.

Lakini mji huu umechomwa na kupigwa mara nyingi. Nyumba nyingi unazoziona leo ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Roshani za mbao zenye nakshi zinazoning'inia juu ya Ndia Kuu zilienea biashara ilipopanda, kabla na baada ya reli kuanza kujengwa hapa mwaka 1896, na mkono wa mafundi kutoka Bara Hindi unaonekana wazi ndani yake. Mlango wa mtindo wa Kiarabu, roshani ya Kihindi, ukuta wa mawe ya Kiswahili na bati la Mwingereza, vyote kwenye nyumba moja. Kwetu hiyo ndiyo Mombasa, na haihitaji kuongezewa miaka ili ipate heshima.

Kwa nini mnaipinga saruji? Si ndiyo imara zaidi?

Saruji ni nzuri kwenye nyumba ya matofali. Kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe ni maradhi, na tutaeleza kwa urefu kwa sababu ndiyo inayoharibu nyumba nyingi kuliko kitu kingine chochote baada ya maji ya paa. Mara nyingi huwekwa kwa nia njema na kwa fedha iliyopatikana kwa taabu.

Jiwe la pwani lina matundu. Linanyonya maji kutoka ardhini, na maji ya kisiwa yana chumvi. Ukuta wa zamani ulijengwa na kupigwa lipu kwa chokaa, na chokaa nayo ina pumzi. Maji yakipanda ukutani hutoka nje taratibu kama mvuke, chumvi hubaki juu ya lipu, na kila baada ya miaka kadhaa mwenye nyumba hukwangua na kupaka chokaa upya. Chokaa hujitoa mhanga ili jiwe libaki.

Ukifunika ukuta huo kwa saruji, umeufunga mdomo. Maji hayana pa kutokea, kwa hiyo yanapanda juu zaidi, hadi kwenye boriti za ghorofa ya kwanza. Chumvi hukauka nyuma ya saruji na kuwa fuwele, na fuwele zikikua hulisaga jiwe. Kwa nje ukuta unaonekana mpya. Kwa ndani unageuka unga.

Kibokoni kuna nyumba tuliyoitwa kwa sababu lipu ilikuwa imevimba kama kitumbua. Fundi wetu, mzee aliyeanza uashi akiwa mvulana, hakuigonga kwa nyundo. Aliweka kiganja, akasikiliza, kisha akaingiza ncha ya mwiko pembeni. Kipande kikubwa kuliko sinia kilianguka kizima, kigumu, na nyuma yake mchanga mweupe ukamwagika miguuni mwetu kwa muda kama mtu aliyetoboa gunia. Yule mama mwenye nyumba akauliza, "Ami, huo mchanga umetoka wapi?" Akamjibu kwa upole, "Huo ndio ukuta wako, mwanangu." Alikuwa amepiga saruji miaka sita nyuma, kwa akiba yake ya kuuza mahamri.

Ukuta ule ulipona. Tulitoa saruji yote, tukauacha ukapumua kiangazi chote cha kaskazi, tukajaza mawe mapya yaliyochongwa nchi kavu, tukapiga chokaa mara tatu. Lakini gharama yake ilikuwa zaidi ya ile ambayo ingetosha mwanzo.

Chokaa naipata wapi, na naitayarishaje?

Chokaa ni jiwe la matumbawe lililochomwa kwenye tanuu kwa moto mkali, karibu nyuzi 900, hadi likaacha hewa yake. Linapotoka huitwa chokaa hai. Ukilitia maji linachemka lenyewe, linatoa moshi na kupasuka. Mtoto asikaribie, na anayekoroga avae miwani. Tone moja likiingia jichoni ni hospitali.

Iliyokwisha zimwa tunaiweka kwenye shimo au pipa chini ya maji, na hatuigusi kwa wiki kadhaa. Ikikaa miezi ni bora zaidi. Inakuwa laini kama malai. Wakati wa kupiga lipu, kipimo chetu cha kawaida ni karai moja ya chokaa kwa karai tatu za mchanga. Mchanga uwe wa shimo na uliooshwa. Wa pwani una chumvi, na utakuwa umerudisha adui ndani ya ukuta kwa mkono wako. Lowesha ukuta kwanza. Piga tabaka jembamba, uache likauke polepole, ulifunike kwa gunia bichi jua likiwa kali. Chokaa hugeuka jiwe tena kwa kuvuta hewa, na hewa haina haraka.

Ya dukani iliyo kwenye mfuko inafaa kwa kupaka na kwa kazi ndogo, ilimradi uilaze majini kabla. Wasiliana nasi: mara nyingi tuna pipa lililoiva, na jirani hupewa.

Mawe mapya hatutoi baharini. Tumbawe lililo hai ni nyumba ya samaki, na hifadhi ya bahari ya Mombasa ipo tangu 1986. Jiwe linalofaa lipo nchi kavu, au kwenye kifusi cha nyumba iliyoanguka, na hilo la kifusi ndilo tunalolipenda.

Na boriti?

Boriti ni mkoko, na mkoko hukatwa kwa kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya. Nunua kwa mwenye kibali na udai risiti. Wenye kazi hii hutofautisha unene kwa majina: fito, pau, mazio, boriti. Kwa dari la mawe usikubali mazio ukiambiwa ni boriti.

Ukitaka kujua kwa nini vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba, jibu ni hilohilo: boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kulegea. Chumba kilipimwa na mti.

Nataka kukarabati nyumba yangu. Nianzie wapi?

Anza kwa kupiga picha kila kitu kabla hujagusa: uso wa nyumba, roshani, mlango, zidaka (vishubaka vya ukutani) za ndani, dari. Kisha nenda ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ukiwa na picha hizo na maelezo mafupi ya unachotaka. Kwa kazi ya kubadilisha umbo la jengo utahitaji pia idhini ya kaunti, na ramani iliyochorwa na mtaalamu. Kuziba paa na kupaka chokaa hakubadilishi umbo, lakini hata hapo tunashauri uwajulishe kwa maandishi na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Tunasisitiza nakala kwa sababu. Miaka michache iliyopita mimi mwenyewe nilipeleka barua ya jirani kwenye ofisi moja, nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Niliporudi, barua haikuonekana. Mvua ikaingia, na roshani ya nyumba ile ikaanguka njiani usiku. Alhamdulillahi hapakuwa na mtu chini. Tangu siku hiyo hatupeleki karatasi yoyote bila nakala ya pili.

Mafundi tunaowajua wapo, na tutakuelekeza. Malipo ni kati yako na fundi.

Kwa hiyo hamtaki watu wajenge ghorofa?

Tunataka watu wakae. Familia iliyopanuka inahitaji nafasi, na hatuwezi kumwambia baba wa watoto saba abaki kwenye vyumba viwili kwa ajili ya picha za watalii. Nyumba nyingi zinaweza kuongezewa kwa nyuma au kwa ndani bila kuua uso wake. Tunachopinga ni nguzo za zege zinazosimamishwa katikati ya kichochoro cha mita mbili, ghorofa juu ya ghorofa, kumziba jirani jua na upepo wa bahari na kuushtua msingi wake. Kuta za zamani zinasimama kwa kutegemeana. Ukichimba shimo refu kando ya ukuta usio na msingi wa zege, nyumba ya pili ndiyo inayopasuka.

Nyumba ni ya mirathi na warithi ni wengi. Mnaweza kutusaidia?

Hili ndilo gumu kuliko yote, na tunalijibu kwa huruma kwa sababu wengi wetu tumo ndani yake. Babu alifariki, nyumba haikugawanywa. Watoto wake nao wakafariki. Sasa kuna warithi ishirini, wengine Muscat, wengine Jeddah, wengine London, na mmoja anaishi ndani akikinga maji kwa ndoo. Anayeishi ndani anasema si yake peke yake. Walioko nje wanasema hawaishi humo. Paa linasikia yote mawili na linaendelea kuvuja.

Mafungu ya mirathi si kazi yetu. Hayo ni ya familia na Mahakama ya Kadhi. Kama nyumba ni wakfu, tafuteni msimamizi wake na Tume ya Wakf kabla ya kugusa chochote.

Tunachoweza kushauri ni kutenganisha mambo mawili. Ugawaji uendelee kwa wakati wake, na paa lizibwe sasa. Andikeni karatasi moja: gharama ya paa ni kiasi hiki, fulani ametoa kiasi hiki, na kutoa kwake hakumwongezei wala hakumpunguzii fungu lake. Watie saini walioko, na walioko mbali wathibitishe kwa ujumbe wa simu unaohifadhiwa. Tumeshuhudia familia iliyokuwa haisalimiani kwa miaka ikichangia bati kwa njia hii. Mwenye wasiwasi kwamba fedha yake italiwa, tunamtumia picha kutoka juu ya paa, bati kwa bati.

Kuna mtu anataka kuununua mlango wetu wa nakshi. Tuuze?

Tunaomba msiuze, na tunasema hivi tukijua maana ya karo ya shule mwezi wa Januari.

Ukiutazama mlango wenyewe kwa karibu utaelewa. Fremu ina nakshi ya mnyororo inayozunguka pembeni. Kati ya mbao mbili unasimama mfaa, umechongwa maua kutoka chini hadi juu, na ubao mmoja hauwezi kufungwa kabla ya mwenzake kwa sababu ya mfaa huo. Juu, mara nyingine, pana maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria. Mbao ni za mti wa mbambakofi au msaji, nzito kiasi kwamba mchwa huacha. Mkono wa fundi unaonekana pale patasi ilipoteleza kidogo, na akaigeuza kosa kuwa jani.

Mnunuzi hutaja bei ambayo kwa nyumba yenye shida inaonekana kubwa. Ukishang'olewa, ukuta wa juu hubaki bila wa kuubeba, maana fremu ile ilikuwa inashikilia uzito. Tumeona ufa ukipanda hadi ghorofa ya pili ndani ya msimu mmoja. Na mlango haurudi.

Kusafirisha vitu vya kale nje ya nchi bila kibali ni kosa chini ya sheria ya 2006. Lakini sheria hukuta mlango bandarini, sisi twataka kuukuta ungali ukutani. Kwa hiyo kabla hujakubali bei, tuite. Mara nyingi shida ilikuwa bawaba iliyolika au kizingiti kilichooza chini, na kuvitengeneza ni kazi ya siku mbili. Milango tunayoiandika kwenye daftari letu tunaipiga picha na kuipima, na daftari hilo halionyeshi jina la mwenye nyumba.

Matembezi ya Jumamosi yanapita wapi?

Tunakutana mlangoni mwa Fort Jesus asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ngome tunaieleza kwa nje tu siku hiyo: ilijengwa na Wareno kuanzia 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ikazingirwa na Waomani kutoka 1696 hadi 1698, miezi 33, na Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Neno gereza lenyewe huhusishwa na neno la Kireno la kanisa, maana kanisa lilikuwa ndani ya ngome.

Kisha tunaingia Barabara ya Mbarak Ali Hinawy, ambayo zamani za ukoloni ilibeba jina la Vasco da Gama, hadi Msikiti wa Mandhry. Unatajwa kuwa wa mwaka 1570 na ungali unaswaliwa. Mnara wake mweupe umenenepa chini na kuchongoka juu, na kisima chake kiko ng'ambo ya njia. Hapo ndipo tunaposoma yale ya Ibn Battuta na chombo chake cha mbao, watu wakiwa wamesimama mahali penye kisima na msikiti. Huwa kimya kinaingia chenyewe.

Tunateremka Bandari ya Kale. Hapa majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakabeba boriti na nazi yakarudi na kusi, kabla bandari mpya ya Kilindini haijachukua meli kubwa. Mbele kidogo ni Leven House, inayobeba jina la meli ya nahodha William Owen, aliyepandisha bendera ya Uingereza hapa mwaka 1824 kwa ombi la Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, waliomwogopa Seyyid Said, mtawala wa Omani. Ulinzi huo uliisha 1826, na mwaka 1837 Mombasa ikawa chini ya Seyyid. Ngazi za mawe za Leven zinateremka hadi majini.

Turudipo kwa Ndia Kuu tunatazama juu, roshani kwa roshani. Tunamalizia kwa kahawa chungu na kashata. Si ziara ya kukimbia: watu wa mitaa huingilia na kusahihisha, na tunawapisha waseme.

Mimi ni mgeni. Nivae nini, nipige picha gani?

Funika mabega na magoti. Toa salamu kwanza, picha baadaye, na mtu akikataa usimbembeleze. Watu walioketi barazani wako nyumbani kwao: baraza ni sebule ya nje. Msikitini usiingie bila ruhusa ya wenyewe. Ramadhani usile njiani mchana.

Bahari inaila Fort Jesus?

Iliifikia pabaya. Ngome imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na mawimbi yalikuwa yakichimba chini ya mwamba huo mwaka baada ya mwaka. Miaka ya karibuni serikali imejenga ukuta wa bahari mbele yake. Tunachofanya sisi ni kidogo: tunapiga picha sehemu zilezile za pwani kila baada ya kusi, tunazilinganisha, na tukiona mabadiliko tunawapelekea Makumbusho. Upande wa nyumba za watu zilizo kwenye ukingo wa mwamba, kaskazini mwa ngome, hali hiyo inatutia wasiwasi zaidi.

Mnasemaje kuhusu kabro, yale matofali ya kutandika, zilizowekwa njiani?

Njia imekuwa safi na mama mwenye kigari cha mtoto anapita. Tunashukuru. Shida ni pale kabro zilipopanda juu kuliko kizingiti cha nyumba, maji ya mvua yakaingia ndani. Ukiwa na hali hiyo piga picha wakati mvua inanyesha. Picha ya maji yakiingia hufanya kazi kuliko barua tatu.

Mnachukua picha na hadithi za zamani?

Tunachukua nakala, na asili inabaki kwako. Tunakuja nyumbani, tunaipiga picha mezani pako, tunaandika unachokumbuka: nani alikaa wapi, kisima kilikuwa kona gani, harusi ilipita njia ipi. Bibi mmoja wa Kuze alitutajia majina ya vichochoro kumi na moja ambayo hayapo kwenye ramani yoyote tuliyoiona. Tulimrudia mara nne. Mwenye mama au nyanya aliye hai, tuite upesi.

Fedha zenu zinatoka wapi?

Ada za wanachama, michango, na sadaka ya matembezi. Hesabu husomwa kwenye mkutano mkuu, na mtu yeyote wa mtaa anaweza kuja kusikiliza hata kama si mwanachama.

Watoto wanaruhusiwa?

Sana. Shuleni tunapeleka kipande cha ukuta: jiwe, chokaa, mchanga, na ndoo ya maji. Mtoto akimwagia maji kipande chenye saruji na kipande chenye chokaa, akaona kipi kinakauka, hatuhitaji kumhutubia. Matembezini aje na mkubwa wake.

Nataka kuja kusaidia. Nije na nini?

Nguo ya kazi, viatu vilivyofunika vidole, kofia na chupa ya maji. Miwani ya kukinga macho tunayo. Kama una mwiko wako, njoo nao, maana miiko yetu haitoshi. Siku ya chokaa kata kucha na usivae pete. Tunaanza mapema na kusimama adhuhuri, na wanawake wapo kwenye kazi hii kama wanaume. Usiposikika hodi kwenye lango la karakana, zunguka nyuma, utatukuta kwenye mapipa.